Mtaimbo Nyuma ya Banda

Mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi, niliishia darasa la saba na kalamu hunitoa jasho, tena leo naandika aibu yangu mwenyewe.

Dada Neema, mtafiti kutoka Dar, alikuja kwetu Kiwangwa akawa anachoma majani ya mananasi mpaka yawe makaa, makaa yatwangwe, ule unga mweusi usaidie umeme kutoa haidrojeni kwenye maji (ni gesi, inawaka kama ya kupikia). Wenzake hutumia madini ya bei kali, yeye alitaka kuonyesha kwamba majani tunayotupa yanatosha, na akifaulu kijiji kitamuuzia majani hayo. Kutwanga akanipa mimi. "Mdogo wangu, kinu cha mbao tu. Chuma kisiguse kabisa."

Mama akanitolea kinu chake. Sijatwanga hata mara kumi, wasichana wa jirani wakapita: "Wifi, kisamvu kimelainika?" Mimi ni kijana wa kiume, naona haya hata kuitikia salamu, sembuse kuitwa wifi. Nikahamia nyuma ya banda, nikatwangia kwenye kipande cha bomba la chuma kwa mtaimbo, nikamaliza upesi, hakuna aliyeniona.

Siku ya maonyesho watu walijaa ofisi ya kijiji. Dada Neema akapaka unga kwenye vijiti vya kupitishia umeme, akavitia majini, akaunga betri, mapovu yakapanda kuliko siku zote, watu wakashangilia na mimi nikacheka (nilicheka, wallahi). Yeye hakucheka. Akapitisha sumaku juu ya unga uliobaki, vichembe vikairukia.

"Hiki ni chuma. Sasa nitajuaje kilichofanya kazi ni jani au chuma? Nani katwanga?"

Mama akainuka kabla yangu. "Ni mwanangu, kwenye kinu changu. Haki ya Mungu, chuma hakikugusa."

Aliapa mbele ya watu wote, na mwalimu wake wa madrasa yupo.

Nikasema, "Mama, nilitumia mtaimbo."

"Kumbe wifi anatwanga kwa mtaimbo!" mmoja wa wale wasichana akapaza sauti. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mama akajifunika uso kwa kanga, akatoka.

Dada Neema amehamishia utafiti wake Vigwaza. Majani tunayatupa kama zamani. Kinu Mama amekifunika gunia, kisamvu siku hizi ananunua kilichotwangwa. Nilitaka niape kwamba sitaona haya tena kutwanga hadharani, lakini viapo vimetosha nyumbani kwetu. Kama yupo kati yenu aliyewahi kumponza mama yake hivi, tafadhali aniandikie, hata mistari miwili, aniambie alianzaje kumsemesha tena.