Wafu Walipotuishia Shinyalu

Binti yangu alipokuwa na miaka minne, mgeni alimuuliza jina lake, naye akajibu bila kusita: "Kaa Chini."

Mgeni akacheka. Mimi nikacheka. Mke wangu hakucheka. Aliingia jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Mtoto hakuwa anatania. Alikuwa amepiga hesabu yake ya kitoto: neno analoitwa nalo mara nyingi zaidi, nyumbani na shuleni, basi ndilo jina lake.

Dalili zilikuwepo zamani, ila nilikuwa na digrii mbili za kunizuia kuziona. Kabla hajatimiza miaka miwili alikutwa juu ya kabati la vyombo. Alipofika mitatu, hakuna mchezo aliomaliza, hakuna swali aliloliacha liishe kabla hajalijibu, na akiona kitu ng'ambo ya barabara alivuka bila habari ya bodaboda. Mezani alichukua tonge moja la obusuma, ugali wetu, akazunguka nyumba, akarudi kwa la pili kama mtu anayekagua mradi. Lakini siku moja aliona siafu uani, akachuchumaa nusu saa nzima akiwatazama, nami nikaichukua hiyo nusu saa kama cheti. Mtoto anayeweza kutulia kwa siafu hana shida yoyote, nilisema, kisha nikaandika makala ndefu ya kuwasifu watoto wenye roho huru. Iliwapendeza sana watu wasio na watoto.

Majirani zetu mjini Kakamega walilaumu miwa. Mama mkwe wangu, anayeishi Ekero ambako miwa ndiyo maisha, alilaumu televisheni. Mwalimu wa chekechea hakumlaumu mtu. Alituita, akatuambia kwa upole kwamba muhula ukiisha tumtafutie shule nyingine, maana darasa lake lote lilikuwa limeanza kutembea. Mke wangu akataka twende hospitali. Nikasema tungoje, atakua. Kisha nikafanya kile msomi hufanya akikwama: nikampigia shangazi simu.

Shangazi yangu wa Shinyalu, dada mkubwa wa marehemu baba, sote tunamwita Senje. Kwake jambo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Kwetu, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza huitiwa majina ya wafu wa ukoo, moja moja, mpaka anyamaze; aliyetajwa wakati huo ndiye anayelitaka jina lake lirudi. Binti yangu alipozaliwa nilikataa mambo hayo, nikachagua jina nililolipenda ndani ya riwaya.

"Ulimwacha wazi," Senje aliniambia. "Sasa wote wanamng'ang'ania."

Tukaenda Jumamosi. Mke wangu alikuja kwa sharti moja: ikishindikana, Jumatatu ni hospitali.

Ugumu wa kwanza ulikuwa wa kiufundi. Desturi ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtoto anayelia mikononi mwa mtu, si anayekimbia. Senje akaamua kwamba badala ya kunyamaza, tutapima kukaa. Akaketi kwenye kigoda mlangoni, na kila binti yangu alipopita katika mzunguko wake wa nyumba, alitajiwa mfu mmoja. Kwa kuwa wafu wetu wengi wamepeana majina, ilibidi kila mmoja aelezwe ni yupi.

"Huyu alikuwanga anaanza nyumba, haezeki. Alituachia kuta tatu."

Mtoto akapita. Akatajwa bibi aliyeunguza chakula cha matanga mara mbili kwa sababu aliona watu njiani. Akapita. Akatajwa ami aliyetoka darasani kupitia dirishani, mlango ukiwa wazi. Akatajwa mwingine aliyempeleka fahali wake kwenye pigano la mafahali, akarudi na baiskeli, asikumbuke fahali alibaki wapi. Mtoto akapita, akapita.

Mara moja tu alikaa. Vigelegele vikapigwa, mama mmoja akakimbia kumkamata ingokho wa sherehe. Binti yangu akachomoa mwiba mguuni, akainuka, akaendelea na safari. Kuku akaachiliwa, naye ndiye pekee aliyefaidika asubuhi ile.

Wa kumi na tisa alikuwa baba yangu, ambaye, kwa maelezo ya dada yake, hakuwanga anakaa kanisani mpaka sadaka. Mtoto akapita. Wafu walikuwa wameisha. Senje akawageukia wazee waliokuwa kwenye benchi, akawatazama kwa namna iliyowakumbusha kazi walizoziacha nyumbani.

Mimi nilikuwa nimecheka mpaka mbavu zinauma. Mke wangu muda wote alikuwa akiandika kwenye simu, nikadhani anawahadithia dada zake. Tulipokuwa tukishuka njia ya kati ya mahindi, akanionyesha orodha.

"Senje wako amesoma faili nzima ya hospitali bila kuvaa miwani," akasema. "Kumi na mmoja kati ya kumi na tisa. Hawa hawamng'ang'anii mtoto. Wamefanana naye."

Nikaisoma orodha mara ya pili.

"Na wewe," akaongeza, "umesahau funguo za nyumba kwa Senje."

Jumatatu, daktari wa watoto alituuliza mtoto analala vipi, anasikia vizuri, mambo haya yalianza lini, anayafanya nyumbani tu au na shuleni, na kama kuna mwingine katika familia. Kwa swali hilo mke wangu akatoa simu. Daktari aliandika mpaka akageuza karatasi. Akasema inaelekea ni ADHD, hali ya kushindwa kutulia na kukaza fikira, ila mtoto wa umri huu hapigwi muhuri haraka, kwa sababu wengi hukimbia. Apimwe masikio, afuatiliwe, na dawa isiwe ya kwanza. Wa kwanza ni sisi wazazi: tujifunze kumpa agizo moja fupi kwa wakati, na kumsifu anapolitimiza. Mwalimu angeandikiwa barua.

Kisha akamgeukia binti yangu, aliyekuwa akizunguka juu ya stuli, akamuuliza anaitwa nani.

Nikashika ukingo wa meza. Mtoto akataja jina lake, lile la riwaya. Halafu akaendelea: mwenye kuta tatu, bibi wa matanga, ami wa dirishani, wote kumi na tisa, kwa mpangilio wa Senje, hakuruka hata mmoja. Alikuwa amewasikia wote, akikimbia.

"Na Kaa Chini," akamalizia.

"Hilo la mwisho ulipewa na nani?" daktari akauliza.

Akaninyooshea kidole. Kisha, kwa kutenda haki, akamnyooshea na mama yake. Daktari akaliandika hilo pia, na nikaona liko juu kabisa ya orodha ya kazi zetu.

Mwalimu aliisoma barua mara mbili, akakubali kubaki naye, akamkabidhi kazi ya kugonga kengele. Sasa mapumziko huja mapema kidogo.

Wiki mbili baadaye Senje alileta funguo zangu, akauliza hospitali wamepata jina gani. Nikamtajia zile herufi nne. Akazirudia polepole, akauliza ni za ukoo gani.

"Wenu, Senje," mke wangu akasema.

Senje akafikiri. Kisha akamwita binti yangu kwa jina lile la riwaya, kwa mara ya kwanza, na mtoto akaja, mbio.