Kitenge cha Arusi ya Furaha

Ipo asubuhi moja ambayo bado naikumbuka vizuri, mdogo wangu: asubuhi ya arusi ya binamu yetu Furaha, pale mtaani kwetu Mapendo. Unajua kwetu wanawake wa familia huvaa kitenge kimoja. Cha arusi hiyo tulikichagua kwa picha katika grupu ya arusi kwenye simu, na kabla hakijafika, watu walikuwa wameshakitangaza kwenye statu zao. Mzigo ulipofika kutoka mpakani Bunagana, ulikuwa pungufu. Kitenge cha Mama Sifa hakikuwemo.

Mama Sifa si ndugu wa damu. Ni jirani aliyemlea Furaha tangu mama yake alipofariki. Mtu aliandika katika grupu kwamba asiye na kitenge asisimame kwenye picha, maana itatazamwa mpaka Kampala. Mimi na diploma yangu niliandika jibu, nikalifuta, nikaandika tena bila kulituma, nikiwaza watanionaje. Mama Sifa, aliyekuwa nasi chumbani tukimpamba bibi arusi, akausoma ujumbe ule, akachukua mkoba wake, akasema kwa upole kwamba kichwa kinamuuma, anarudi nyumbani.

Tantine Zaina, dada wa baba, alimwona. Anauza vitenge, na kilemba chake siku hiyo, cha kitenge kilekile cha arusi, kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Kila mtu alikuwa amekisifu. Hakugombeza mtu. Alikifungua, akaomba mkasi, akakikata katikati.

"Tantine, itaonekana mubaya kwa picha," rafiki mmoja wa bibi arusi akalalamika.

"Ionekane," Tantine akajibu. "Tulinunua hii kitenge juu ya batu baone tuko famille moja. Mama Sifa akirudi kwake, itaonyesha nini?"

Akamfunga Mama Sifa ile nusu kichwani, taratibu, kama anayemvisha mama yake. Furaha akalia, poda ikaharibika, ikabidi apakwe upya.

"Mama Sifa, sasa kichwa imepona?" Tantine akamtania.

"Imepona," Mama Sifa akasema, na chumba kizima kikacheka.

Nimelifikiria sana jambo hilo, kama kawaida yangu. Simu, viatu, kitenge, vyote vinasema kitu kuhusu sisi, na si kosa kupenda vinavyopendeza. Lakini kabla hujapiga picha, geuka umtazame aliye karibu nawe. Ukiona kitu chako kinamwambia aondoke, kikate, umpe nusu, hata kama watu wanatazama.

Mungu akujalie vitu vizuri, mdogo wangu, na moyo usioogopa kuvikata. Nyumba yako isikose watu wa kuwafunga kilemba.