Kipande Asichokitembea Mtu

Baba mdogo hajui kutembea kama watu wengine. Hatua zake ni fupi, zote sawasawa, na macho ameyashusha chini kama mtu aliyeangusha sindano. Ukitoka naye kwenda dukani utadhani ametumwa kupima barabara. Mama humtania: "Shemeji, lami haina mataruma ya reli, jiachie!" Naye hutabasamu, akajaribu kurefusha hatua mbili tatu, halafu miguu inarudi kule kule ilikozoea.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkagua njia wa reli. Kila alfajiri alitoka kota za stesheni na nyundo yenye mpini mrefu, spana begani, bendera nyekundu kwapani, akatembea kilomita nane katikati ya reli huku akigonga chuma. Nilimuuliza mara nyingi mpaka akachoka: unasikia nini? Akasema reli nzima inaimba, iliyolegea inakohoa. Nikaenda kugonga nondo za dirisha letu kwa mwiko. Zote zilikohoa. Kwa ajili ya kazi hiyo stesheni nzima ilimwita Nyundo, na nadhani wengine hawakuwahi kulijua jina lake.

Kwenye kilomita ya nane kulikuwa na nguzo fupi ya zege, namba arobaini. Hapo kipande chake kiliishia na cha mwenzake kikaanza. Mwenzake alikuwa mzee kidogo kuliko yeye, anayetembea polepole, wakamwita Kobe. Kobe alitoka stesheni ya upande wa pili, naye akigonga, mpaka wakutane nguzoni. Kila mmoja alikuwa na kibati cha shaba chenye namba yake, kimetobolewa na kutiwa uzi. Wakikutana wanabadilishana: mimi narudi na chako, wewe unarudi na changu. Msimamizi akikuona na kibati cha mwenzako anajua ulifika mwisho wa kipande, anatia sahihi kwenye daftari. Jioni treni ya mizigo inarudisha kila kibati kwa mwenyewe.

Aliponieleza hayo, ajali ilikuwa imeshapita. Mimi nikavutiwa na ule ujanja, nikasema, "Kwa hiyo hakuna namna ya kudanganya! Labda uote mabawa."

"Au upate rafiki," akasema.

Hapo nguzoni walikaa kidogo, wakanywa chai ya chupa. Baba mdogo ndiye hutangulia kufika, basi huanza yeye: "Kobe, nimeota mvi nikikungoja." Na Kobe: "Mvi ulikuja nazo, usinisingizie." Kisha wataongelea goti la huyu, paa la yule linalovuja, na nati zilizolegea. Baba mdogo alifiwa na mke kabla sijaanza shule, na hawakujaliwa mtoto. Nyumbani kwake kota kulikuwa na kikombe kimoja na kiti kimoja. Tukimtembelea tulikaa kitandani. Ukiondoa salamu za stesheni, Kobe ndiye mtu aliyezungumza naye. Na ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kufika nyumbani kwa mwenzake. Urafiki wao wote ulikuwa pale kwenye nguzo.

Mwaka juzi goti la Kobe lilivimba. Angetoa taarifa, lakini alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na alijua wakimwona anachechemea watamwondoa mapema. Akaanza kuishia kwenye kona, kilomita tatu kabla ya nguzo, na kugeuza. Vibati vikawa vinapitia kwa muuza maziwa, ambaye kila asubuhi alipita na baiskeli kwenye kinjia kando ya reli: anakuja na cha Kobe, anarudi na cha baba mdogo. Na zile kilomita tatu zilizobaki? Baba mdogo alizitembea. Alifika nguzoni kwake, akaipita, akaenda mpaka konani, akarudi. Miezi minne, jua na tope. Siku nyingine walikutana huko konani wakacheka, siku nyingine Kobe alikuwa ameshageuza. Hakuna aliyeandikiwa wala kuambiwa. Madaftari ya stesheni zote mbili yalikuwa safi kabisa.

Siku ya ajali mvua ilianza kabla ya kucha. Baba mdogo alifika nguzoni akiwa ameloa hadi kwenye soksi. Muuza maziwa akamkuta pale, akampa kibati, akasema: "Mwenzio leo mzima. Nimemwacha anafunga kamba za viatu. Anasema anajisikia kijana."

Baba mdogo aliniambia alisimama akaitazama ile njia ya mbele, haionekani kwa mvua. Akafikiri: kama leo mzima, atakuja mpaka hapa mwenyewe. Akampa muuza maziwa kibati chake, akageuka, akarudi nyumbani kuanika viatu. Siku moja tu.

Treni ya abiria iliacha njia saa tisa alasiri. Sisi tulikuwa darasani, hesabu, na hatukusikia kishindo chochote, jambo linalonishangaza mpaka leo: ni kilomita chache tu, na mimi nilikuwa nimeduwaa nikitazama matone yakishuka kwenye kioo. Tulijua baadaye tulipoona magari ya wagonjwa yakipita moja baada ya jingine, na mwalimu akaacha chaki ubaoni bila kumaliza mstari.

Baba mdogo alifika huko kwa kiberenge, kile kigari cha relini cha mafundi. Mabehewa matatu yalikuwa yamelala ubavu. Maji yalikuwa yamekula tuta chini ya reli, kokoto zimekwenda, na reli zenyewe zikabaki zikining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Alifanya kazi na wengine mpaka giza, wakitoa watu kwa madirisha. Kuna mama mmoja alimshika mkono hataki kuuachia, anamwambia amtafutie kiatu chake cha kushoto, ni kipya, ni cha kushoto. Alikitafuta. Watu tisa walikufa.

Lakini kabla hajagusa behewa lolote alifanya kitu kimoja: alitazama pale palipokatika ni wapi. Palikuwa mita mia mbili kutoka konani. Ndani ya zile kilomita tatu.

Tangu saa ile hadi mwisho wa habari hii alitaka kujua jambo moja tu. Kobe alifika? Kama Kobe alizitembea zile kilomita tatu asubuhi ile, na njia ilikuwa nzima, basi maji yaliikata baadaye, na hakuna mkagua njia duniani ambaye angeyazuia. Kama hakufika, basi tuta lilikuwa linamomonyoka tangu asubuhi na hakuna jicho lililolitazama, kwa sababu yeye Nyundo aligeuza.

Tume ya uchunguzi ilikaa kwenye chumba cha kungojea abiria, mabenchi yakasogezwa ukutani. Wanafunzi hatukuruhusiwa, ila dirisha la choo cha stesheni linatazama mle ndani, na mimi nina shingo ndefu. Kobe aliitwa kwanza. Alikuwa amevaa koti la harusi ya mtu mwingine, mabega yamemzidi. Akasema alifika nguzo arobaini, akakuta njia nzima, akabadilishana kibati. Daftari likaletwa, likamuunga mkono.

Baba mdogo akaitwa. Angeweza kusema "ndiyo, ndivyo" na kwenda zake. Nilimwona akiupapasa mfuko wa shati kama anatafuta kitu.

"Mlikutana?" mwenyekiti akauliza.

"Hatukukutana."

"Sasa kibati chake ulikipataje?"

"Kwa muuza maziwa."

Chumba kikapiga kelele kama soko. Ikabidi mwenyekiti agonge meza. Baba mdogo akaeleza yote, miezi minne, goti, kona, viatu. Mwenyekiti alikuwa mtu wa karatasi, akashindwa kuelewa. "Ngoja. Wewe siku hiyo kipande chako ulikitembea chote?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi kosa lako ni lipi?"

"Sikutembea cha mwenzangu."

Kuna watu walicheka. Kobe hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake, na baba mdogo alikuwa anamtazama yeye, anangoja ainue uso. Hakuinua.

Ripoti ikasema mvua kubwa. Wote wawili wakafukuzwa kazi kwa sababu ya vibati. Baba mdogo akaambiwa atoe vitu kota ndani ya wiki mbili, ila vitu vyake vilijaa kwenye mkokoteni mmoja na nafasi ikabaki. Baba akamsafishia chumba chetu cha stoo, akahamia kati ya magunia na baiskeli mbovu.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kukataliwa na pande mbili kwa wakati mmoja. Watu wa reli walisema amemuuza mwenzake. Akipita walianza ghafla kutafuta kitu mifukoni. Watu wa mtaani, ambao baadhi yao walizika, walisema ndiye yule aliyegeuza. Kinyozi alimnyoa bila kumsemesha, na kinyozi wetu huongea hata na mteja aliyelala. Alfajiri nilimsikia baba mdogo akiamka saa ile ile ya kazi, anavaa, anafunga kamba za viatu, halafu kimya. Siku moja nikachungulia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, tayari kabisa, hana pa kwenda.

"Mwandikie barua," nikamwambia. "Muulize."

"Barua ataijibu apendavyo. Nataka nimwone usoni."

Likizo ilipofika akasema, "Nisindikize." Basi. Nikavaa haraka kabla hajabadili mawazo.

Kobe alikuwa amehamia nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Hata uani kulinukia maranda ya mbao. Mkewe ndiye aliyetufungulia. Alimtazama baba mdogo kuanzia kichwani.

"Ndiwe Nyundo? Miaka yote hii nilidhani wewe ni mrefu."

"Samahani, shemeji," baba mdogo akasema, kama kweli kosa ni lake.

Kobe alikuwa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya stuli, goti limefungwa kitambaa. Alikuwa amekonda. Hakutukaribisha, hakutufukuza. Akanitazama mimi.

"Umekuja na mtoto ili nisikutukane?"

"Nimekuja na mtoto ili nisigeuze njiani."

Kobe akaguna. Mkewe akatusogezea benchi, akaingia ndani, ila pazia la mlangoni halikutulia, nikajua amesimama nyuma yake. Wale wazee wawili wakakaa. Sijawahi kuona watu wanaojuana vile wakikosa pa kuanzia. Huko karakanani randa ilikuwa inakwenda, inarudi.

"Umenivunjia uzee wangu," Kobe akasema mwishowe. "Miaka miwili, Nyundo. Miwili tu."

"Najua."

"Ungenyamaza, nani angekufa tena? Waliokufa walishakufa."

"Najua. Sikuja kubishana. Niambie tu ulifika wapi."

"Nilishasema kwenye tume."

"Kule ulisema na mwenyekiti. Mimi hujaniambia."

Kobe akaliinua goti kwa mikono miwili, akalishusha, akaliweka vizuri, kazi isiyo na maana, kila mtu aliona. Kisha akaongea chini, huku akilitazama.

"Nilivaa viatu. Huyo muuza maziwa hakudanganya. Nikafika mlangoni. Mvua ile unaikumbuka? Nikasimama na nyundo mkononi. Nikasema, mimi nikikosa leo, Nyundo atafika mpaka konani, na akiona kona haina mtu atakuja hata huku kwetu. Anavyojua kunijali." Akakaza kitambaa cha goti. "Nikavua viatu, nikarudi kitandani. Nililala, bwana. Nililala vizuri."

Pazia likaacha kutikisika.

Mimi nilikuwa na maswali kumi, yote yamejipanga, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakuna hata moja lililotaka kutoka.

"Na mimi nilisema wewe upo," baba mdogo akasema.

"Eh."

Akasimama. Kobe akamshika ukingo wa koti, akamwachia. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Utakuja tena?"

"Sijui, Kobe."

"Mimi sitembei, unaona. Nitakuwa hapa tu."

"Nimeona."

Tulipotoka, baba mdogo alitembea mbele yangu, na sikuthubutu kumfikia. Kituoni aliacha magari mawili yapite, yote yalikuwa na nafasi. Mtu mmoja aliyekaa karibu naye akamtazama vizuri, akahamia mwisho wa benchi. Baba mdogo akasogea kidogo upande wa pili, kumwongezea nafasi.

Nyumbani tulimkuta Mama anakunja nguo.

"Mlimkuta?"

"Tulimkuta."

"Kasemaje?"

Nikamtazama baba mdogo. Alikuwa ameinama anafungua viatu, na aliifungua kamba ya kwanza, akaifungua ya pili, bila haraka yoyote.

"Goti bado linamsumbua," akasema.

"Maskini," Mama akasema, akachukua shati jingine. Baba mdogo akaingia stoo na kurudishia mlango, na mimi nikakaa pale nikimsaidia Mama kukunja, mdomo nimeufunga.