Kazi ya Kiprop Ambayo Mama Hakuambiwa

Hadi sasa nakataa kuamini. Simu ikilia nadhani ni Kiprop anataka nipitie unga wa ugali nikitoka duty.

Jumanne asubuhi alianguka bafuni na hakuamka tena, hapa Uarabuni, kwenye bedspace yetu Deira, chumba ambacho kila mtu anakodi kitanda chake tu. Moyo, daktari akasema. Miaka thelathini na moja, moyo gani huo jameni!

Kwa msiomjua: Kiprop wa Baringo, rafiki yangu, kitanda chake kando ya changu miaka minne. Mimi niko reception kwenye klabu ya kulenga shabaha nje ya mji. Yeye aliletwa pale kufagia maganda ya risasi.

Sir wetu, mwenye klabu, ana bastola za mtindo wa kale, zile za kushindilia baruti kwa mbele, ambazo baadaye zilibadilishwa zitumie risasi za kawaida. Wageni wanazipenda kwa picha. Shida ni kwamba hazikuwa zinapata shabaha, na kila mtu alilaumu wageni.

Siku moja Kiprop akaja na ufagio mkono mmoja, karatasi ya shabaha mkono wa pili. "Sir, look. Tundu ni refu. Hii risasi inafika ikiwa imelala ubavu."

Watu wakacheka. Sir hakucheka.

Kumbe vichwa vya risasi vilikuwa vyembamba kuliko mtutu, vinacheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye gambuti ya baba. Kiprop akatafuta vya madini laini, vyenye shimo kitakoni, ambavyo vikisukumwa na baruti vinatanuka na kuukamata mtutu. Baruti yenyewe iwe kidogo, maana bastola za aina ile hazivumilii nguvu nyingi. Wiki hiyohiyo, khalas, ufagio ukapewa mtu mwingine, yeye akapewa kazi ya kuchagua risasi.

Vile vichwa alivikagua kimoja kimoja, anabonyeza kwa ukucha wa kidole gumba kujua ulaini wake. Supervisor akimwambia akate ukucha, anajibu, "Madam, hiki ni kifaa cha kazi." Na uso mkavu kabisa!

Lakini hakuwahi kufyatua. Nilimsukuma sana: "Piga hata moja bana, Sir amekubali."

"Wacha tu, bro. Mimi nachagua."

Kaka yake mkubwa alipigwa risasi na wezi wa mifugo huko kwao. Ndiyo maana nyumbani alisema yeye ni dobi wa hoteli. Hakutaka mama yake asikie neno risasi tena.

Nilimwambia mara nyingi amweleze mama ukweli. "Likizo, ana kwa ana, inshallah." Likizo akaenda, akarudi, hakusema.

Tangu Jumanne tumebaki watano chumbani na sina wa kuongea naye. Juzi nilisonga ugali wa watu wawili, nikaula wote peke yangu nimesimama. Sitaficha, nina upweke mbaya.

Jana mama yake akapiga. Anaomba maneno machache kuhusu kazi ya mwanawe, yasomwe mazishini. Nikaandika udobi. Nilijua ni uongo, nikautuma hivyohivyo.

Saa moja baadaye akapiga tena. "Mwanangu, Kiprop alipokuja likizo nilimpa shati la kanisa apige pasi. Aliunguza mgongo wote. Dobi gani huyo?"

Nikaketi kwenye kitanda cha Kiprop, simu sikioni.

"Alikuwa anafanya nini huko?"

"Alikuwa anachagua risasi, mama."

Nilitamani laini ikatike.

"Za kuua watu?"

"Hapana, mama. Za kutoboa karatasi."

"Na yeye alipiga?"

"Hakupiga hata moja, mama. Miaka yote minne."

Akalia. Na mimi nikalia, nimekaa kwenye kitanda cha Kiprop na uniform yangu, nimechelewa staff bus na sijali.

Kisha akasema, "Futa hiyo ya dobi. Andika mtoto wangu alishika risasi miaka minne na hakufyatua hata moja. Andika mahali watu watasoma."

Ndiyo hii nimeandika, mama. Mwili unasafiri Ijumaa. Mimi sikupata ruhusa ya kumsindikiza, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Kiprop, mama anajua, na hajakukasirikia. Lala sasa, ndugu yangu.