Binti Aliyelala Kila Mahali

Mume wangu alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha saruji, mbele ya Kasese, na nyumbani kwetu Bwera alikuja mwisho wa juma tu. Kwa hiyo kukoroma kwa binti yetu nilikusikia mimi zaidi. Alikuwa na miaka sita, mwembamba, lakini alikoroma kama mzee.

Mwalimu wake alilalamika kwamba anasinzia darasani, na akiamshwa anawapiga wenzake. Alidhani tunamchelewesha kulala. Sivyo, alikuwa akilala mapema kuliko sisi sote. Tena alikuwa ameanza upya kukojoa kitandani. Kwenye zahanati walimpima malaria, wakampa dawa ya minyoo. Hakuna kilichobadilika.

Jirani yangu, mama Mkongomani kutoka Butembo, alikuwa na meza ya vitenge sokoni. Mchana mmoja binti alilala juu ya marobota yake. Jirani akaacha kukunja vitambaa.

"Sikiliza. Ile sauti inakatika."

Kifua kilipanda na kushuka, lakini hewa haikupita. Kisha mtoto akashtuka, akavuta pumzi kwa nguvu, akaendelea kukoroma.

"Huyu mutoto iko anakabwa mu usingizi," alisema. "Umupeleke ku lopitali."

Wenzangu kanisani nao walisema anakabwa, ila na pepo. Niliwaacha wamwombee, kisha nikampeleka Kasese kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Kwenye benchi alilala mapajani mwangu. Tulipoitwa nikataka kumwamsha.

"Mwache," daktari alisema. "Hivyo ndivyo ninavyotaka kumwona."

Alichuchumaa, akamtazama kwa muda mrefu. Baadaye alimwamsha, akammulika kooni. Mafindofindo yalikuwa yamevimba hadi karibu kugusana. Alisema huenda na nyuma ya pua kuna nyama iliyoziba.

"Akilala, koo linalegea na njia inaziba. Mwili unamshtua ili apumue. Analala usiku kucha bila kupumzika."

"Na kukojoa? Na hizo hasira?"

"Mara nyingi vinakuja pamoja."

"Kwa hiyo si pepo."

"Ni nyama, mama."

Daktari alishauri apasuliwe, yaondolewe, lakini mume wangu aliogopa nusu kaputi, ile dawa ya kumlaza. Aliuliza kama hatuwezi kusubiri akue. Daktari alijibu kwamba wapo watoto wanaopona hivyo, lakini huyu pumzi zake zinakatika mno. Mume wangu akakubali.

Baada ya upasuaji binti alikunywa uji uliopoa, akakataa kuzungumza nasi. Koo lilipopona, kukoroma kulikuwa kumekwisha. Kukojoa kulichukua muda zaidi, kukapungua polepole hadi kukakoma.

Asubuhi moja alikuja jikoni akiwa na wasiwasi. Alisema alikuwa Maliba kwa bibi yake, wakichuma kahawa, kisha ghafla akajikuta kitandani. Alitaka kujua ni nani aliyemrudisha.

Nilimweleza kwamba hiyo inaitwa ndoto.