Siku Mamamkwe Alipotaka Kuona Uwanja wa Gofu

Vita vikubwa vya pili vya wazungu vilikuwa vimekwisha, na mimi nimeiva, ndipo posa yangu ikaja kutoka Bombo, Uganda, kwa Wanubi wenzetu. Ililetwa na mama wa kijana mwenyewe, mwanamke mnene wa maringo, aliyepanda treni mpaka Nairobi akaja Kibra kunikagua kama mtu anunuaye mbuzi. Kijana nilimtaka. Nilishamwona alipopita kwetu na sare yake ya uaskari, na usingizi ukanihama. Lakini mamake akinikataa, basi.

Alionja kisra niliyopika, mikate yetu myembamba kama karatasi. Akanusa udi nguoni mwangu. Kisha akasema hakuvuka nchi kuja kutazama kuta za udongo. Alikuwa amesikia kwamba jirani na Kibra wazungu wana uwanja wa gofu, nyasi na miti mitupu, hata hindi moja hawajapanda. Anataka kuuona, akirudi Bombo awaringie wenzake.

Tukapanga safari hiyo kama watu waendao Maka. Mama akasema twende Jumapili asubuhi, wazungu wakiwa kanisani. Shangazi akataka tufunge gurbaba mpya, nguo zetu za Kinubi, kiunoni, maana kama ni kufukuzwa, tufukuzwe tumependeza. Mjomba, aliyekuwa akikata nyasi huko, akatueleza ua umetoboka wapi, akatuonya tukikamatwa tusimtaje. Mamamkwe akataka tubebe birika la chai ya tangawizi na kuku wa kukaanga. Kuku tulimkatalia.

Kumbe si wazungu wote waliokwenda kanisani. Wawili walikuwa kwa mbali, wanapiga kijipira halafu wanakifuata wenyewe kwa miguu, kazi ya mbwa. Kabla sijamwonyesha mamamkwe, yeye alishaona bendera.

Sisi tukiona bendera imesimama peke yake, na nyasi zimetunzwa chini yake, tunajua hapo amezikwa walii, mtu wa Mungu. Mamamkwe akavua viatu. Kando palikuwa na shimo la mchanga mweupe, safi. Akashuka humo, akapiga viganja mchangani, akajipangusa uso na mikono, akatayamamu kama asiye na maji ya udhu. Akapanda mbele ya bendera, akaanza kuwaombea wafu wetu wote. Mama na shangazi walijua vizuri kwamba bendera ile ni ya kuonyesha tu mpira unapoingia. Wakainua mikono, wakaitikia amina, eti wasiharibu posa. Wazungu wakakaribia, na mmoja akavua kofia.

Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia mamamkwe: "Mama, hapo hakuzikwa mtu. Ni kishimo cha mpira."

Mama yangu akanifinya mpaka nikaona nyota. Mamamkwe akainama, akatia mkono shimoni, akapapasa, akautoa mtupu. Akavaa viatu vyake, akatangulia. Njia nzima mama alikuwa akininong'oneza kwamba nitazeekea jikoni kwake na mdomo wangu huo.

Nyumbani mamamkwe akanywa chai yake polepole. Mimi nimesimama nyuma ya mlango, nasikiliza.

"Nyinyi wawili," akawaambia mama na shangazi, "mngeniacha niombe shimo mpaka magharibi. Mwanangu mimi namjua, ni mwongo. Nipeni huyo mwenye mdomo."

Nikapewa. Nilimkuta mwongo kweli, hodari kabisa, lakini mzuri kuliko nilivyomkumbuka. Uongo wake nikaunyoosha mwenyewe, polepole, mpaka akanizoea.