Buluu Mbili Ukutani

Wiki iliyopita nilipata habari kwamba yule fundi wa rangi wa Manyatta amefariki, na ameshazikwa kwao Katito. Nilihuzunika, kisha nikashangaa, maana kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kufika mahali popote mapema. Ukimwita Jumatatu alikuja Alhamisi, tena akiuliza kama chai iko tayari. Lakini mtu huyu aliiokoa ndoa yangu, na inaniuma kwamba sikumshukuru.

Ilikuwa miaka ya themanini, tukimngoja mama mkwe aje kwetu kwa mara ya kwanza. Wasomaji wa huku mnajua kwamba mama mkwe haji kwa binti yake kiholela. Hualikwa, huja na akina mama wenzake, na nyumba hukaguliwa hadi uvunguni. Sebule ilihitaji rangi. Mimi nilichagua buluu nyepesi, mke wangu akachagua buluu nyepesi nyingine, na fundi akapaka kipande cha kila moja ukutani ili tuamue. Hatukuamua, tulinuniana siku nne. Ijumaa, wageni wakiwa wanatarajiwa kesho yake, mke wangu akaanza kufunga nguo zake. Alisema anakwenda kwao Kombewa kumwambia mama yake asije, na yeye mwenyewe harudi.

Fundi akaweka kikombe chini. "Mzee, hebu onyesha mimi, yako ni gani?" Nikanyoosha kidole bila wasiwasi. "Na Mama, yako?" Naye akanyoosha. Jamaa akacheka mpaka akashika mlango. "Sasa nyinyi mnapigania nini? Mzee ameshika ya Mama, Mama ameshika ya Mzee!" Kabla hatujabisha, alikuwa ameshamimina makopo yote mawili kwenye ndoo moja, anakoroga.

Jumamosi mama mkwe aliingia, akaketi, akazitazama kuta zote nne polepole. "Hii green mumeweka," akasema, "ni mzuri sana." Mimi na mke wangu tulitazamana, tukaangua kicheko mbele ya wageni, bila adabu hata kidogo.

Tangu hapo nimeona watu wakitengana kanisani, kazini, na sasa katika siasa za vyama vingi, kila mmoja ameshikilia lake kwa meno. Msomaji, kabla hujagombana, hakikisha unaijua rangi unayoitetea. Mimi yangu sikuijua, na ilibaki kidogo tu inipotezee mke.